Maswali Yenu: Mawimbi ya hisia ndani ya chumba cha upasuaji

Mwezi huu tunajibu barua zinazohusu ufuatiliaji wa mawimbi ya hisia mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, kazi inayojulikana vyumbani mwa upasuaji kwa herufi nne: SSEP. Barua zimetoka kwa wazazi, mafundi, wauguzi na madaktari. Tumezifupisha, na zilizofanana tumezijibu pamoja.

SWALI: Binti yangu ana miaka 14 na uti wake wa mgongo umepinda. Atafanyiwa upasuaji wa kunyooshwa kwa vyuma. Daktari amesema neva zake zitafuatiliwa muda wote. Watamfanya nini hasa? Atapigwa shoti? Atanyolewa nywele?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Pole kwa wasiwasi, mama. Binti hatasikia chochote, maana vifaa vyote hufungwa akishalala na hutolewa kabla hajaamka.

Fundi atambandika elektrodi, yaani vipande vya kupitishia umeme, kwenye vifundo vya mikono na nyuma ya vifundo vya ndani vya miguu, mahali ambapo neva kubwa hupita karibu na ngozi. Kichwani na shingoni atamchoma visindano vyembamba vya milimita 12 hivi, ambavyo hulala chini ya ngozi tu. Nywele hazinyolewi, zinatenganishwa kwa kidole. Kisha mashine hupeleka mapigo madogo ya umeme kwenye neva, mara 2 hadi 5 kila sekunde. Kila pigo hupanda neva, huingia kwenye ugwe mgongo, yaani ule ugwe laini unaopita ndani ya uti wa mgongo, hupanda kwa safu zake za nyuma hadi kwenye shina la ubongo, huvuka upande wa pili, hupita thalamasi na kufika kwenye gamba la ubongo. Kwa mtu mzima, pigo la mkononi hufika baada ya takriban milisekunde 20, la mguuni baada ya 37 hivi. Mtu mfupi mapigo yake huwahi kidogo.

Uti unaponyooshwa, ugwe nao unaweza kuvutwa, au mishipa ya damu inayoulisha ikabanwa. Mtu aliye macho angesema miguu inakufa ganzi. Aliyelala hawezi kusema, kwa hiyo tunaangalia tena na tena kama habari za miguuni bado zinafika ubongoni.

Akiamka anaweza kuwa na vidoti vyekundu kichwani, pengine na alama ya bluu sehemu moja au mbili. Kuungua ni nadra, na kukitokea mara nyingi ni umeme wa kisu cha upasuaji uliokosa njia nzuri ya kurudi kwenye mashine yake ukapitia kwenye sindano. Kabla ya siku hiyo, mweleze daktari kama binti ana kifafa, kifaa chochote cha umeme mwilini, ganzi au udhaifu wa mguu alio nao tayari, na kama ana jino linalolegea. Hilo la jino lina sababu. Mara nyingi SSEP huendeshwa pamoja na kipimo cha njia za mwendo, ambacho huchochea ubongo kupitia fuvu na kufanya taya zibane kwa nguvu. Ndiyo maana huwekwa vitambaa vilivyokunjwa kati ya magego, ulimi usije ukaumwa.

SWALI: Ninajifunza kazi hii. Vitabu vinatoa majina ya sehemu za kuweka elektrodi bila kueleza sababu. Naomba mpangilio kamili na viwango vya kuanzia.
Fundi mwanafunzi

JIBU: Anza na kichochezi, yaani kifaa kinachopeleka mapigo kwenye neva, kwa sababu hitilafu nyingi za siku nzima huzaliwa hapo.

Mkononi tunachochea neva mediani. Kathodi, ile ncha hasi ya kichochezi, ikae sentimita 2 hivi juu ya mkunjo wa kifundo, katikati ya zile kano mbili zinazojitokeza mtu akikunja ngumi. Anodi, ile ncha chanya, iwe sentimita 2 hadi 3 kutoka hapo kuelekea kiganjani. Mguuni ni neva tibia: kathodi kati ya kifundo cha ndani na kano ya kisigino, anodi sentimita 3 kuelekea unyayo. Kathodi siku zote iwe upande unaoelekea kiwiliwili. Ukizigeuza, anodi inaweza kuzuia pigo lisipande, nawe utakuwa unaongeza umeme huku hujui kwa nini wimbi limedumaa.

Pigo liwe la mraba, la milisekunde 0.2 hadi 0.3. Ongeza mkondo taratibu mpaka kidole gumba cha mkono kiruke, au cha mguu kijikunje kuelekea unyayo, kisha ongeza kidogo tena. Kwa watu wazima wengi hiyo ni miliampea 15 hadi 25 mkononi na 30 hadi 40 mguuni. Kama dawa ya kulegeza misuli imeshatolewa, kidole hakitaruka. Hapo ongeza mpaka wimbi la pembeni, yaani lile linalosomwa kwenye neva yenyewe kabla ya ugwe, liache kukua.

Sasa vituo vya kupokea. Anayejifunza hukimbilia kichwani na kusahau njiani, na baadaye wimbi likipotea hawezi kusema limepotelea wapi. Kituo cha kwanza kiwe kwenye neva yenyewe: kwa mkono, juu kidogo ya mtulinga, ambapo wimbi liitwalo N9 hupita, kwa mguu, nyuma ya goti. Kituo cha pili ni nyuma ya shingo, usawa wa pingili ya tano, elektrodi ya rejea, ile tunayoilinganisha nayo, ikiwa kwenye paji la uso. Hapo tunapata mawimbi ya ugwe na ya shina la ubongo, ambayo dawa za usingizi haziyapunguzi sana. Upasuaji ukiwa wa shingo yenyewe na kisu kinapita hapo, hamishia elektrodi hiyo nyuma ya sikio. Kituo cha tatu ni kichwani: mkono wa kushoto husomwa kwenye alama ya kichwani iitwayo CP4 upande wa kulia, mkono wa kulia kwenye CP3 upande wa kushoto, kwa sababu njia imeshavuka. Miguu husomwa katikati, kwenye CPz.

Kwenye miguu kuna jambo linalowababaisha wengi. Wimbi la mguu wa kushoto mara nyingi huwa kubwa upande wa kushoto wa kichwa kuliko wa kulia, kana kwamba halikuvuka. Limevuka. Eneo la mguu limo ndani ya ule ufa unaotenganisha nusu mbili za ubongo, na seli zake zimeuelekea upande wa pili, hivyo umeme wake hujitokeza ng'ambo. Kabla hujaamua kwamba nyaya zimebadilishana, soma katikati na pande zote mbili, kisha chagua kwa mgonjwa huyo jozi yenye wimbi kubwa na safi zaidi. Dakika tano za kuchagua jozi asubuhi huokoa muda mwingi baadaye, maana wimbi kubwa halihitaji mapigo mengi ili lionekane.

Ukinzani wa kila elektrodi uwe chini ya kiloomu 5, na za jozi moja zikaribiane. Jozi yenye 1 na 4 hukusanya kelele kuliko yenye 4 na 4. Waya wa ethi uwe mahali kati ya kichochezi na elektrodi za kupokea, begani panafaa. Kwa gamba la ubongo weka vichujio kati ya Hz 30 na 500. Kwa shingo na pembeni fungua juu hadi Hz 1,500. Dirisha la kusoma liwe milisekunde 50 kwa mkono na 100 kwa mguu.

Chukua vipimo vya msingi mara mbili: mgonjwa akiwa chali, halafu akishageuzwa kifudifudi. Shingo iliyovunjika inaweza kuumia wakati wa kugeuza, na kama huna kipimo cha kabla hutajua. Weka lebo ncha zote mbili za kila waya, kwa sababu mashuka yakishatandazwa huoni kitu. Mwishoni hesabu sindano unapozitoa, moja moja, na idadi iwe ileile uliyoingiza. Sindano iliyobaki kwenye nywele humchoma muuguzi wa wodini.

SWALI: Mashine yetu inaonyesha kelele inayojirudia kila baada ya milisekunde 20. Niliwasha kichujio cha kukata Hz 50 na skrini ikawa safi, lakini msimamizi akakikataza. Kwa nini?
Fundi wa vifaa tiba

JIBU: Msimamizi yuko sahihi, ndugu. Kichujio hicho kikipata mshtuko wa ghafla, kama ule wa pigo la kichochezi, chenyewe hutetema kwa masafa yaleyale kinayokata. Mtetemo wa Hz 50 hurudi kila milisekunde 20. Na wimbi la mkono tunalolitafuta kichwani liko kwenye milisekunde ngapi? Hizohizo 20. Unaweza kuletewa kilima kizuri mahali pake ambacho hakikutoka kwa mgonjwa.

Kelele hupunguzwa kwa kuwastanisha. Wimbi la gamba la ubongo lina maikrovolti 1 hadi 5 tu, na limezama ndani ya umeme wa kawaida wa ubongo ambao ni mkubwa mara nyingi zaidi. George Dawson, aliyekuwa akifanya kazi London, alilionyesha mwaka 1947 kwa kupiga picha mistari mingi juu ya filamu moja ili kinachojirudia kionekane, na mapema miaka ya 1950 akatengeneza mashine ya kuiwastanisha. Hesabu yake haijabadilika: kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mapigo. Kelele ikiwa maikrovolti 10, mapigo 400 yataishusha hadi 0.5, na wimbi la maikrovolti 2 litasimama mara nne juu yake. Mapigo 100 yangeishusha hadi 1 tu. Ukirusha mapigo 4.7 kwa sekunde, 400 huchukua sekunde 85 hivi, na huo ndio muda ambao daktari atasubiri kabla ya kupata jibu jipya. Usichukue mapigo 1,000 kwa mazoea tu.

Hiyo 4.7 nayo ina maana. Ukirusha mapigo 5 kamili kwa sekunde, kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 200, yaani mizunguko 10 kamili ya umeme wa ukutani. Kila pigo litakuta kelele ipo mahali palepale, na wastani utaihifadhi badala ya kuifuta. Kwa 4.7 kila pigo huikuta mahali tofauti, nayo hujifuta. Kelele ikibaki, jaribu 4.3 au 3.1 kabla ya kugusa kitu kingine.

Halafu itafute inakotoka. Kitanda cha upasuaji, kipasha damu, blanketi la hewa ya moto, darubini: chomoa kimoja kimoja ukutani huku ukiangalia skrini, kwa ruhusa ya anayekitumia. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu waya uliochomekwa bado unatoa kelele. Nyaya za kupokea zisokotwe pamoja na zisiachwe zimejiviringa sakafuni, maana kila duara la waya ni antena. Nyaya za kichochezi zipite upande mwingine kabisa. Kisu cha umeme kikiwashwa, amplifaya hufurika, kwa hiyo weka kikomo cha kutupa mapigo machafu na usimamishe wastani mpaka kizimwe.

SWALI: Kila tukiwa na kazi ya uti wa mgongo, fundi wa mawimbi anatuomba tubadilishe dawa. Tunataka kumsaidia lakini mgonjwa lazima alale. Ni dawa zipi hasa zinazoharibu mawimbi?
Muuguzi wa usingizi

JIBU: Dada, dawa ya kuvuta ndiyo inayoongoza. Isoflureni, sevoflureni na desflureni hupunguza kimo cha wimbi la gamba la ubongo na kulichelewesha, na kadiri kiwango kinavyopanda ndivyo linavyozama. Hadi nusu ya kiwango kamili cha usingizi, yaani karibu asilimia 0.6 ya isoflureni au asilimia 1 ya sevoflureni kwa mtu wa makamo, wagonjwa wengi wenye neva nzima bado husomeka. Gesi ya naitrasi oksidi, ambayo watu wengi huiona nyepesi, huongeza uharibifu ikichanganywa na hizo. Afadhali iachwe.

Njia inayotupa mawimbi mazuri zaidi ni propofoli kwenye dripu ya pampu, mara nyingi maikrogramu 100 hadi 150 kwa kilo kwa dakika, pamoja na dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni inayotiririshwa mfululizo, kama remifentanili. Afyuni haziyagusi sana mawimbi. Ketamini na etomideti huyakuza. Dawa za kulegeza misuli huisafisha SSEP kwa kuondoa kelele za misuli, lakini zinaua kipimo cha njia za mwendo, kwa hiyo kama vipimo vyote viwili vinaendeshwa, ile ya kuingizia mpira kooni iwe ya mwisho.

Jambo tunalolisisitiza kuliko uchaguzi wa dawa ni utulivu. Dawa inayokwenda kwa kiwango kilekile tunaweza kuizoea. Dozi ya ghafla ya propofoli dakika tatu kabla ya uti kunyooshwa hutunyima uwezo wa kutofautisha dawa na jeraha, hapohapo tunapohitaji kutofautisha. Tuambieni kabla ya kuongeza chochote, nasi tutaandika saa na kiwango kando ya wimbi.

Kisha mwili wenyewe. Baridi huchelewesha mawimbi, hata la mkono mmoja pekee ikiwa dripu ya maji baridi inaingia upande huo. Hilo tunalijua kwa kuangalia kituo cha mtulinga: nacho kitakuwa kimechelewa. Presha ikishuka sana, damu ikipungua, au mgonjwa akipumulishwa kwa kasi mpaka kaboni dayoksaidi ikashuka mno, mawimbi hudhoofika. Na kipimo cha presha kikifungwa kwenye mkono tunaouchochea, kila kinapojaa wimbi la mkono huo hutoweka kwa dakika moja na kurudi.

SWALI: Tulipogeuza fito kunyoosha uti, mawimbi ya miguu yote miwili yalishuka zaidi ya nusu, ya mikono yakabaki. Chumba kizima kikaanza kusema kwa pamoja. Utaratibu unaofaa ni upi?
Daktari wa mifupa

JIBU: Daktari, kiwango cha tahadhari kinachotumiwa mahali pengi ni kimo kushuka kwa asilimia 50 au muda wa kufika kuongezeka kwa asilimia 10 ukilinganisha na kipimo cha msingi. Lakini asilimia 40 iliyoshuka ghafla mara tu fito zilipogeuzwa inatutia hofu kuliko asilimia 55 iliyopungua polepole kwa saa nne za dawa. Wakati wa tukio ni sehemu ya kipimo.

Katika hali uliyoieleza, mawimbi yenyewe yameshaonyesha mahali. Mikono imebaki, kwa hiyo dawa na mashine kwa ujumla havilaumiwi. Swali linalobaki kwa fundi ni moja: kituo cha nyuma ya goti kikoje? Kama nacho kimekufa, tatizo liko mguuni au kwenye kichochezi: waya umechomoka, au mguu umebanwa damu haifiki. Kama kipo na kichwani hakuna kitu, pigo limeingia njiani na halikufika. Hapo mshuku ugwe, mahali palepale mikono yako ilipo.

Kuanzia hapo watu watatu wafanye kazi kwa wakati mmoja, muziki uzimwe, na anayesema awe mmoja kwa zamu. Fundi atamke kwa sauti kilichobadilika, upande gani na saa ngapi, aanze wastani mpya, na kama kipimo cha njia za mwendo kipo akirushe papo hapo, kwa sababu chenyewe hujibu kwa sekunde na mara nyingi hutangulia SSEP kwa dakika kadhaa. Mtaalamu wa usingizi apandishe wastani wa presha ya mishipa hadi 85 au zaidi, apime damu, joto na gesi, na asiongeze dozi ya ghafla. Wewe usingoje hao wamalize. Legeza mnyoosho uliofanya mwisho, kwa sababu jambo la mwisho kufanywa ndilo mshukiwa wa kwanza. Mwagia kidonda maji ya chumvi yenye joto la mwili, maana yakiwa baridi nayo hushusha mawimbi. Kama skrubu ziliingizwa karibu na wakati huo, zikague kwa kidole cha chuma na kwa eksirei, na yoyote inayotiliwa shaka itolewe.

Mawimbi yakirudi, subiri yatulie kabla ya kujaribu mnyoosho mdogo kuliko ule wa kwanza. Yasiporudi baada ya kulegeza na kupandisha presha, fito zitolewe. Lipo pia jaribio la kumwamsha mgonjwa mezani, lililoelezwa na Vauzelle na Stagnara huko Ufaransa mwaka 1973: anaambiwa kwanza abane mkono, kisha asogeze miguu. Mkono ukitii na miguu isitii, jibu limepatikana. Lina hatari zake, mgonjwa anaweza kuchomoa mpira wa hewa au kujitikisa juu ya skrubu, na linakuonyesha dakika ile moja tu. Lipangwe na kuelezwa kwa mgonjwa kabla ya siku ya upasuaji, asije akalisikia mara ya kwanza akiwa katikati ya usingizi.

SWALI: Nimesoma kwamba mgonjwa anaweza kuamka amepooza miguu ilhali SSEP ilikuwa nzuri mwanzo hadi mwisho. Sasa kipimo kina faida gani?
Mwanafunzi wa udaktari

JIBU: Ulichosoma ni kweli, na sababu yake iko kwenye mishipa ya damu. Safu za nyuma za ugwe, anakopita mjumbe wetu, hulishwa na mishipa miwili ya nyuma. Theluthi mbili za mbele, pamoja na njia kuu ya kuamuru misuli, hulishwa na mshipa mmoja wa mbele. Huo ukiziba, amri za kutembea hazishuki, huku hisia zikiendelea kupanda kama kawaida. Kwa hiyo SSEP peke yake haitoshi pale mbele ya ugwe panapokuwa hatarini, na hapo kipimo cha njia za mwendo ni cha lazima kwa maoni yetu. Haitoshi pia kwa mzizi mmoja wa neva, kwa kuwa pigo la mguuni huingia kwa mizizi kadhaa na mmoja ukikatwa mingine hubeba. Skrubu za kiunoni hupimwa kwa kuzichochea zenyewe: msuli ukiitika kwa mkondo mdogo, tuseme chini ya miliampea 5, ukuta wa mfupa huenda umetobolewa.

Faida ipo. Uchunguzi wa vituo vingi ulioongozwa na Marc Nuwer nchini Marekani, uliotoka mwaka 1995 na kuhusu upasuaji zaidi ya 51,000 wa uti wa mgongo, ulikuta kwamba timu zenye uzoefu wa SSEP zilikuwa na majeraha ya neva pungufu ya nusu ya yale ya timu zisizo na uzoefu. Mashine zilikuwa pande zote mbili. Uzoefu wa aliyeketi mbele yake ndio uliotofautiana.

SWALI: Je, mawimbi haya hutumika nje ya uti wa mgongo?
Msomaji

JIBU: Ndiyo. Mshipa mkubwa wa shingoni unaosafishwa hufungwa kwa muda, na wimbi la mkono hutuambia kama nusu ile ya ubongo bado inapata damu. Kwa kawaida gamba hupata mililita 50 hivi kwa kila gramu 100 kwa dakika. Ikishuka hadi kati ya 15 na 20 wimbi hupotea, na daktari huweka mrija wa muda wa kupitisha damu. Kwenye uvimbe wa ubongo, utepe wa elektrodi ukilazwa juu ya gamba, wimbi la mkono huwa hasi nyuma ya mfereji mkuu na hugeuka chanya mbele yake, hivyo daktari anajua eneo la mwendo lilipo kabla ya kukata. Na mgonjwa yeyote aliyelazwa kifudifudi kwa saa nyingi mikono ikiwa juu, neva alna ikichochewa itaonya kuwa bega limevutwa kupita kiasi. Mkono ukishushwa chini ya nyuzi 90, wimbi kwa kawaida hurudi ndani ya dakika chache.

SWALI: Mgonjwa wetu ana kisukari cha miaka mingi. Miguuni hatukupata wimbi lolote kabla ya kuanza. Tukaambiwa tuendelee bila ufuatiliaji. Kulikuwa na njia nyingine?
Fundi

JIBU: Zilikuwepo, na zingejaribiwa kabla ya kukata tamaa. Neva za kisukari hupitisha umeme polepole na kwa mtawanyiko, hasa sehemu za mbali, kwa hiyo kifundo cha mguu ndipo mahali pabaya zaidi pa kuanzia. Punguza kasi hadi mapigo 2.1 kwa sekunde au hata 1.1, ongeza upana wa pigo hadi milisekunde 0.5, refusha dirisha hadi milisekunde 150, maana huenda wimbi lipo ila limechelewa kutokea nje ya skrini. Miguu ikiwa imevimba, elektrodi za kubandika ziko mbali na neva, tumia sindano. Bado hakuna kitu? Panda juu, uchochee nyuma ya goti, ambako neva huwa nzima zaidi.

Mwombe pia mtaalamu wa usingizi aache kabisa dawa ya kuvuta. Kwa mtu mwenye neva nzima nusu ya kiwango inavumilika. Kwa huyu, hiyohiyo nusu inatosha kulifuta wimbi dogo lililobaki. Yote hayo yakishindikana, endesheni kipimo cha njia za mwendo kwa miguu na SSEP kwa mikono, na daktari wa upasuaji aambiwe wazi kabla ya kisu cha kwanza, na iandikwe, kwamba safu za nyuma za ugwe chini ya shingo hazisomeki. Hapo ataamua mwenyewe kama atanyoosha kidogo zaidi au kama atapanga mapema jaribio la kumwamsha mgonjwa.